Gego la Mlimani

Kitu cha kwanza kupotea nyumbani kwa Bi Zipu kilikuwa filimbi ya mumewe.

Mumewe, fundi kufuli ambaye watu walimwita Sumaku, alikuwa na pengo upande wa juu kushoto, mahali pa chonge. Jino lenyewe lilimtoka ujanani akijaribu kufungua kopo la gundi kwa meno, na tangu siku hiyo kila neno lenye herufi ya s lilipopita pale lilitoka na filimbi nyembamba. "Sasa" ilikuwa na filimbi mbili. Watoto wa mtaani walimwigiza, dada yake alimtania hata mbele ya wageni, na Bi Zipu alikuwa amempendea hiyo filimbi kabla hajampendea kitu kingine, ingawa hakuwahi kumwambia. Asubuhi hiyo wakinywa chai, siku mbili baada ya kurudi kutoka mlimani, Sumaku alisema sukari imekwisha, na neno "sukari" likatoka kavu.

Bi Zipu akaweka kikombe chini na kumwomba arudie. Sumaku akarudia, akaongeza "sahani" na "sijui una nini leo", na yote yakatoka safi, kama yanasemwa na mwanamume mwingine.

"Hebu fungua mdomo," akamwambia.

Penye pengo palikuwa na jino. Wala halikuwa chonge. Lilikuwa gego, pana, lenye vilima vinne, limejibana kati ya meno ya mbele kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto, na kichwa chake kimevikwa dhahabu. Katikati ya vilima mlikuwa na uchafu mweusi. Ufizi ulikuwa umelikumbatia pande zote, mwekundu na umenona, na pembeni kilichuruzika kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Bi Zipu alilijua jino hilo. Mara ya mwisho alipoliona lilikuwa jikoni dirishani, ndani ya kikombe cha siki.

Aliinuka akaenda kuangalia. Siki ilikuwa imegeuka nyeusi, ina utando juu. Jino halikuwamo.

Ni vizuri isemwe mapema kwamba Bi Zipu alikuwa mtu wa kinyaa. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana yake. Hapo alishona mabegi ya mgongoni na mahema, na kubadilisha zipu zilizokwama, na kazi ilikuwa safi kama bandeji. Hakuwahi kunywea kikombe cha mtu, hata cha mumewe. Akiona unywele kwenye chakula, siku hiyo alishinda njaa. Mawifi walisema anajidai. Hakuwa akijidai, tumbo lake ndivyo lilivyoumbwa, na lenyewe halikuwa na heshima kwa mtu.

Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyeolewa na msaka vyuma. Kila likizo walijitwika mabegi aliyoyashona mwenyewe, wakapanda milima kwa miguu, yeye amebeba hema na chakula, Sumaku amebeba maji na mashine yake ya kutafutia chuma, yenye mpini mrefu na sahani chini, anaipitisha juu ya nyasi huku visikizi viko masikioni. Bi Zipu aliiita mke mwenza. Mke mwenza alikuwa na begi lake, kitambaa chake cha kufutwa, na betri mpya kila safari. Alichozaa kilikuwa misumari, vifungo, maganda ya risasi, vifuniko vya chupa, na mara moja kwa mwaka sarafu iliyoliwa na kutu.

Wasaka vyuma wana sheria zao, na Sumaku alizishika sana. Ya kwanza ni kwamba shimo ulilochimba lazima ulifukie. Ya pili ni kwamba maji ya kunywa hayaoshi kitu, kwa sababu maji ni uzito na uzito uko mgongoni kwako. Kwa hiyo chochote alichokitoa ardhini alikisafisha kwa mate. Alikitia mdomoni, akakifyonza, akakigeuza shavu hili na lile, kisha akakitoa kiganjani kikimetameta. Miaka kumi na moja ya ndoa Bi Zipu alikuwa akigeuza uso wakati huo ukifika.

Safari hii walikuwa wamepiga hema kwenye uwanda mdogo chini ya mlima, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimekataa kuota. Mashine haikulia mlio wake wa kila siku. Ililia mfululizo, ikipanda na kushuka, mpaka Sumaku akavua visikizi na kuvitazama. Alichimba kwa koleo dogo, kisha kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akasema udongo wa chini ni wa moto. Akatoa kidonge cha matope kikubwa kama punje ya hindi, chenye mstari wa njano. Dhahabu ya mlimani, akasema, dhahabu mbichi, na hapohapo akaitupa mdomoni. Aliifyonza kwa macho yaliyofumba. Alimeza matope mara mbili, mara tatu. Alipoitema kiganjani ilikuwa gego la mtu.

Bi Zipu alitapikia nyuma ya hema. Sumaku alicheka mpaka akakaa chini. Alisema kuna tajiri mmoja kazikwa na mapambo yake, na mvua ikaanguka kabla hajamaliza mzaha wake, mvua ya ghafla, nzito, wakavunja hema mbio mbio. Bi Zipu alimkumbusha shimo. Litajifukia lenyewe, akajibu, akavuta zipu ya begi. Katika miaka yote hiyo ndilo shimo la kwanza aliloliacha wazi.

Daktari wa meno aliwapokea siku hiyohiyo. Alilishika gego kwa koleo lake la kung'olea, likateleza. Akalishika tena, likateleza. Mara ya tatu akasema limeng'ata koleo. Alisema kwa sauti ya chini, akimtazama Bi Zipu na si mgonjwa. Picha ilionyesha mizizi ya jino imepanda mpaka chini ya jicho, na ilikuwa imepanda hivyo kwa siku mbili. Daktari aliosha mikono, akaiosha tena, akaiosha mara ya tatu kwa dawa yenye harufu ya hospitali nzima, akawaambia watafute mtu mwingine.

Sumaku mwenyewe hakuona tatizo. Alisema ni kama alizaliwa nalo. Siku ya tatu jino lake la pembeni likadondoka kwenye uji, zima, bila damu, na kesho yake mahali pake pakawa na jino jingine, la rangi ya udongo, laini kidogo ukilitazama, kama bado linaiva. Siku ya nne likadondoka la pili. Alianza kunuka mdomo, na si kunuka kule kwa mtu aliyelala bila kupiga mswaki. Alinuka shimo. Alinuka majani yaliyooza chini ya maji na nyama iliyosahauliwa, na harufu ilikuwa na unyevu, ikitua juu ya vitu, juu ya taulo, juu ya mkate, juu ya vitambaa vya wateja, hata Bi Zipu akawa anashona huku amejifunga leso puani na kuwaambia wateja ana mafua.

Dukani kwa Sumaku ikawa aibu. Mama mmoja alileta kufuli iliyokwama, akamwona fundi akiitia mdomoni na kuifyonza taratibu, macho yamefumba, mate ya rangi ya kutu yakimtiririka kidevuni na kudondokea kwenye funguo za watu, na alipoulizwa anafanya nini akasema anaisafisha. Mama yule hakurudi kuchukua kufuli yake.

Bi Zipu alitenga kikombe. Kisha akatenga sahani, kijiko, taulo, na mwishowe akatenga kitanda, akalala karakanani juu ya turubai la hema. Alijichukia kwa hilo. Alimpenda mumewe, na kila alipomkaribia ili amwonyeshe hivyo alijikuta anarudi nyuma, na Sumaku alikuwa akimwona anavyorudi nyuma. Siku moja alimwambia hamlaumu. Alisema hivyo bila filimbi, na Bi Zipu akaenda kulia uani.

Siku ya kumi na moja, mchana, jua likiwa limewaka, alimkuta Sumaku amelala kwenye kochi. Kulikuwa na sauti chumbani. Alidhani ni panya kwenye gunia, kisha akaona kuwa ni taya za mumewe, zinatafuna, polepole, bila kitu chochote, zikisaga upande huu kisha upande ule, na kila zikisaga chembe za udongo mbichi zilitoka kwenye pembe za midomo na kumwagika kwenye mto, na ndani ya udongo ule kitu chembamba cha waridi kilijikunja kikanyooka, mnyoo, ukashuka shavuni pake ukaingia kwenye kola ya shati, naye hakuamka, hakutikisika, ni midomo tu iliyokuwa hai kwenye uso ule, ikaacha kutafuna, ikajipanga, ikasema kwa sauti nene iliyojaa maji, "Mvua inaniingia. Nifunikeni."

Alikimbilia kwa wifi yake.

Wifi, dada mkubwa wa Sumaku, alikuwa mwanamke mwenye mdomo ambao haukuwa na breki. Kwa mara ya kwanza tangu Bi Zipu aolewe, alisikiliza bila kutia mzaha. Alisema anamjua mtu. Jioni akaja naye, na aliyekuja naye alikuwa dereva wa gari la kunyonya vyoo, lile la tangi la kijani lililokuwa likipita mtaani kwao watu wakifunga madirisha. Bi Zipu alitazama mabuti yake yaliyokuja mpaka kwenye mlango wa karakana, akamtazama wifi.

"Usiniangalie hivyo," wifi akasema. "Mzee huyu alimtoa jini kwenye kisima cha shule. Maji kanyonya kwa gari, jini kamtoa kwa mdomo wake."

Mzee wa Tangi alikuwa mtu mpole, mwenye kucha safi kuliko za daktari. Alisema kinyaa alikiacha getini siku yake ya kwanza kazini, na tangu hapo hakuna kitu kilichomficha siri. Alimketisha Sumaku kwenye kiti cha cherehani, akamfungua mdomo, akaingiza pua yote ndani na kuvuta pumzi kama mtu anayeonja mchuzi. Bi Zipu alishika ukuta. Mzee akahesabu meno. Yalikuwa yamebadilika saba. Akauliza walichimba wapi na kama walifukia, Bi Zipu akamweleza uwanda na shimo lililobaki wazi, naye akatikisa kichwa.

"Pale si kaburi," akasema. "Kuna jini amelala chali chini ya ardhi, na mlipochimba ni kinywani mwake. Mmemng'oa jino, mmemwacha wazi mvuani. Sasa anahamia kwa mwenye nyumba yenye paa."

"Anahamia mpaka wapi?" Bi Zipu akauliza.

"Mpaka meno ya mumeo yaishe. Yakiisha, ulimi ni wa kwake. Baada ya hapo utakuwa unapikia mtu mwingine, mama, na wewe utamjua, lakini majirani hawatamjua."

Alieleza kilichobaki kufanywa, na alieleza kwa sauti ya mtu anayeelekeza bomba linapopita. Jino lilitoka ardhini likaingia kinywani, kwa hiyo lingerudi kwa njia ileile. Kwa Sumaku lilikwisha shika mizizi, lisingemwachia huko mlimani. Lingetoka tu likiitwa na mdomo mwingine, mdomo kwa mdomo, na mdomo huo ungelibeba mpaka shimoni. Lingetiwa mfukoni, lingerudi kabla hawajafika njia kuu, kama lilivyotoka kwenye kikombe cha siki. Wifi akasema yeye yuko tayari, ni kaka yake, na amekula vibaya zaidi ya hapo kwenye harusi za watu. Mzee akakataa. Waliacha shimo wazi wakiwa wawili, na ni mmoja wa wale wawili atakayelibeba.

"Hutasema neno njiani," akamwambia Bi Zipu. "Hutalitafuna. Na ukifika usiliteme. Liweke kwa midomo, taratibu, kama unavyomlaza mtoto. Hawa hawataki kudharauliwa. Ukilitupa kwa kinyaa, litajua." Akamgeukia Sumaku. "Na ile mashine iacheni nyumbani. Hatutaki likumbushwe ilivyolitoa."

Bi Zipu alisema hawezi. Alisema kweli, mbele ya mumewe, kwamba hawezi, na Sumaku akainamisha kichwa na kusema ni sawa, aachwe, na udongo ukamdondoka mdomoni aliposema hivyo akaufunika kwa mkono ili mkewe asiuone. Ni mkono ule uliomshinda. Mtu anayeliwa kutoka ndani alikuwa bado anamwonea aibu.

Alfajiri walikuwa mlangoni, gari la tangi linangoja nje. Bi Zipu alimshika mumewe mashavu mawili. Hakuwa amemgusa kwa siku tisa. Alifumba macho, akaweka mdomo wake juu ya mdomo ule, na harufu ikamwingia mpaka nyuma ya macho, na midomo ya mumewe ilikuwa baridi na imetepeta, na nyuma ya midomo kitu kikasogea. Alisikia ufizi ukiachia, kwa sauti ya mguu unaochomolewa kwenye tope. Kisha jino likavuka. Lilikuja na ute, mrefu, wenye chembe, likatua juu ya ulimi wake likiwa la moto. Mumewe akaanguka magotini. Bi Zipu akafunga mdomo.

Safari yote mpaka chini ya mlima alikaa mbele kati ya Mzee na Sumaku, huku nyuma yao tangi likichezesha mzigo wake kwenye kila kona. Harufu ya tangi ilikuwa nafuu. Aliivuta kwa shukrani. Ndani ya mdomo jino lilikuwa na ladha ya sarafu, kisha udongo, kisha kitu cha mafuta kilichoganda, na mate yalimjaa, asiweze kuyatema, mpaka akayameza, akayasikia yakishuka kooni yote kwa pamoja.

Mzee alibaki na gari. Wao wawili wakapanda. Jua lilikuwa zuri, ndege walikuwa wakilia, na mtu angewaona angedhani ni mume na mke katika likizo. Saa ya kwanza jino lilitulia. Saa ya pili likaanza kutembea. Lilitoka ulimini likaenda shavuni, likarudi, likaenda tena nyuma kabisa upande wa kulia ambako magego yake yalikuwa mazima yote, likayagonga moja moja, polepole, kisha kutoka chini yake kikachomoza kitu chembamba cha kuteleza kikayapapasa, kikaingia kati ya jino na jino, kikachunguza ufizi kama mpangaji anayetazama chumba, na Bi Zipu alitaka kupiga kelele na hakuweza, alitaka kutia vidole mdomoni na hakuweza, akatembea, akahesabu hatua, akatazama mgongo wa mumewe aliyemtangulia akiyumba, akitema meno ya rangi ya udongo njiani, moja, mawili, yakigusa ardhi na kuwa matope, na kila jino lililomtoka lilimpa mkewe nguvu ya kwenda hatua nyingine mia. Kuna mahali gego lake la mwisho lilimuuma sana, maumivu ya kupita mara moja, kisha likafa ganzi. Alishukuru ganzi ile.

Shimo waliloliacha lilikuwa la upana wa mkono. Walilolikuta lilikuwa pana kama beseni. Kingo zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, zimelowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, na vijiwe vyeupe vilikuwa vimeota kuzizunguka kwa mstari. Ndani mlijaa maji meusi yenye ngozi juu. Ngozi ile ilipanda na kushuka. Kila iliposhuka, ilitoa pumzi, na Bi Zipu akaitambua. Ilikuwa imelala kwenye mito ya nyumba yake kwa siku kumi na moja.

Alilala kifudifudi. Sumaku akamshika kiuno. Alishusha uso kidogo kidogo, akijiambia alaze mtoto, alaze mtoto, mpaka ncha ya pua ikatoboa ngozi ile na maji ya vuguvugu yakamgusa midomo. Akaanza kuifungua. Hapo, kutoka chini, kitu kipana, kinene, chenye vipele, kikapanda na kumlamba mdomo kutoka pembe mpaka pembe.

Tumbo halikumwomba ruhusa. Lilijikamua lote, kichwa kikaruka nyuma, nyongo ikamtoka mdomoni na puani, na katikati ya nyongo kitu kigumu kikapita kwenye ulimi na kutumbukia. Alikiona kikizama. Katika maji yale meusi kilionekana cheupe. Alijiambia ni mwanga.

Walifukia kwa koleo na kwa mikono, wote wawili, kama watu wanaofukuzwa. Ardhi ikajaa, ikatulia, na mara ya mwisho ikatoa sauti fupi ya mtu aliyeshiba. Sumaku akakaa juu ya udongo ule, kichwa kati ya magoti, mdomo umejaa mapengo.

"Sasa tushuke," akasema.

Filimbi zilikuwa nyingi mno kuhesabika. Bi Zipu alilia akicheka, akicheka akilia, akamkumbatia palepale na uso wake uliojaa matapishi, na hakuna kati yao aliyejali.

Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Wifi alikuja kila siku kusikiliza, akisema kaka yake zamani alikuwa na filimbi na sasa ana bendi nzima, akamtaka aimbe kwenye harusi. Harufu ilitoka kwenye mapazia. Bi Zipu alirudi kitandani kwake. Siku moja wakinywa chai, kikombe chake kikiwa kimekwisha, alinyoosha mkono akachukua cha Sumaku na kukimaliza, pamoja na makombo ya mkate yaliyokuwa yakielea, na wifi akapiga makofi kwamba mwishowe mke amekuwa mke. Wiki iliyofuata unywele ulikuwa kwenye mchuzi. Aliuona. Aliuvuta kwa midomo, taratibu, akautafuna mpaka ukaisha, na akashangaa jinsi ulivyokuwa mtamu.

Kuna mambo ambayo hakumwambia mtu. Hakusema kwamba alikuwa akiamka na udongo kidogo chini ya ulimi. Hakusema kwamba vichwa vya zipu alivyovibana kwa meno akishona alikuwa akivifyonza muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Mumewe alikuwa amerudi, amenenepa, anachekwa na watoto mtaani. Yeye hakutaka kutazama kioo, basi hakukitazama.

Likizo ilipokaribia, Sumaku alimtoa mke mwenza kutoka kabatini. Aliapa kwamba kazi yake sasa itakuwa ufukweni tu, kwenye mchanga, na kwamba mate yamestaafu. Akatia betri mpya, akachomoa visikizi ili wote wasikie, akaanza kuijaribu karakanani. Ilililia mkasi. Ilililia cherehani. Ilililia kopo la vichwa vya zipu mpaka wakacheka. Akampitishia mkewe kwa utani, kutoka miguuni, magotini, tumboni, ikanyamaza. Akaipandisha kifuani, ikanyamaza. Akaipandisha upande wa kulia wa uso wake.

Ikalia mfululizo, ikipanda na kushuka.

Sumaku hakuishusha. Nje mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye bati, na nyuma kabisa ya mdomo wa Bi Zipu, mahali panapokaa gego, kitu kipana chenye vilima vinne kikasogea kidogo kujiweka sawa.

"Ni nini hicho?" mumewe akauliza kwa sauti ya chini, na hapakuwa na herufi ya filimbi hata moja katika swali hilo.

"Ni zipu," akajibu Bi Zipu, bila kufungua sana midomo.

Sumaku akalitazama gauni lake. Lilikuwa gauni la nyumbani, alilishona mwenyewe, la kufunga kwa kamba.